Kumsindikiza Mgeni Aliyekuja kwa Pikipiki

Ko!

Sauti ilikuwa moja, fupi na kavu, kama ya mhogo mkavu unaovunjwa juu ya goti. Ilitoka mahali fulani kati ya sakafu na kiuno, asubuhi ya kwanza baada ya mimi kurudi nyumbani Heru Juu, wakati mama na mimi tulipokuwa tukiinuka kutoka kwenye sala. Tulikuwa tumepiga magoti bega kwa bega, viwiko vikiwa juu ya benchi moja, nasi tuliinuka pamoja kama tulivyozoea tangu nilipokuwa mtoto. Mama alisema, "Ee Mungu wangu," akanitazama. Nami nikamtazama. Hakuna aliyeongeza neno, kwa kuwa chai ilikuwa imeanza kufurika jikoni.

Mtu mwingine angekwenda kunywa chai akasahau. Mimi nilikwenda kunywa chai nikiwa na hofu. Lazima nieleze kwamba nilikuwa katikati ya shahada ya uzamili, na kwamba jambo nililochagua kulichunguza lilikuwa kuzeeka kwa afya: namna wazee wa nyanda za juu za Kigoma wanavyokula, wanavyolala na, hasa, wanavyotembea. Nilikuwa nimesoma mengi mno kuhusu mifupa inayopoteza uzito, miguu inayopoteza uthabiti, na mzee anayeteleza penye maji asirudi tena kuwa yule wa jana. Aliyesoma hayo hana tena bahati ya kusikia goti likilia akaamini kwamba limelia tu. Kabla ya kumaliza kikombe cha kwanza nilikwisha kumwona mama ameanguka kisimani. Nilipofika cha pili, alikuwa ameanguka shambani pia, na mimi nilikuwa nikitafuta gari la kumpeleka hospitali ya rufaa.

Mama mwenyewe alikuwa akila kiazi kitamu.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mgongo wake bado umenyooka kana kwamba kuna mkaguzi anayekuja, na watu wa Heru Juu, wakubwa kwa wadogo, humwita Mwalimu. Anaishi peke yake tangu baba alipofariki. Kaka yangu, kifungua mimba wa nyumba, ni mtumishi wa serikali Dodoma, na kwa muda mrefu alitaka mama ahamie kwake, kwenye nyumba yenye uzio, vigae na maji ya bomba ndani. Mama alikuwa akimjibu kwa upole kwamba atafikiri, kwa sauti ile aliyotumia zamani kuwajibu wazazi waliotaka mtoto asiyejua kusoma avushwe darasa.

Siku ile nilimwandikia kaka ujumbe: goti la mama limeanza kulia. Alinipigia kabla sijaweka simu mezani.

"Sasa sikiliza," alisema. "Wewe ndiye mtaalamu wa wazee katika ukoo huu. Mwangalie vizuri. Ukiniambia hawezi kukaa huko peke yake, natuma gari. Neno lako ndilo la mwisho."

Mama alikuwa amesikia, kwa kuwa kaka huzungumza na simu kana kwamba Dodoma na Kasulu zimetenganishwa na bonde tu. Aliendelea kumenya kiazi, kisha akauliza, bila kumlenga mtu, "Na huko Dodoma nitamtembelea nani?"

 Mimi nilikuwa na hadhari tu, na hadhari ndiyo iliyonifanya nitoe agizo langu la kwanza la kitaalamu: mama asipande tena wala kuteremka mlima kwa miguu. Popote anapokwenda, aende kwa bodaboda.

Hapa ni lazima nimlete rafiki yake. Ng'ambo ya bonde letu, juu ya kilima kinachotazamana na chetu, anaishi mama mmoja anayelingana na mama yangu kwa umri na kumzidi kwa maneno. Aliingia nchi hii kutoka Burundi akiwa msichana, kwa miguu, amembeba mdogo wake mgongoni. Leo ni raia, ana shamba la maharage, ana wajukuu wanaocheka Kirundi chake, na mimi humwita Mama Mkubwa. Yeye na mama hutembeleana kila siku Mungu anayoleta, isipokuwa mvua ikiwa kubwa kuliko udaku. Leo huyu huja kwetu, kesho yule huenda kwake.

Kutembeleana ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Sehemu kubwa ni kusindikizana. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Mwenyeji hutoka naye, humpokea kikapu chake na kukibeba yeye, na hutembea naye hadi mahali pa heshima. Mahali pa heshima kati ya vilima vyetu viwili ni daraja la magogo lililoko chini bondeni. Lakini hakuna mtu mwenye adabu anayegeuka darajani. "Ngoja nikufikishe kwenye mikaratusi," mwenyeji husema. Wakifika kwenye mikaratusi, mgeni amekwisha kukaribia kwake, na sasa ni yeye anayeona aibu kumwacha mwenzake ashuke bonde peke yake. "Basi nikurudishe darajani." Darajani huibuka habari ambayo haiwezi kukatwa. Nimewahi kuwaona kutoka uani kwetu, vitenge viwili vidogo vikipanda na kushuka, vikapu vikibadilishana vichwa, hadi mtazamaji hajui tena nani alikuwa mgeni.

Niliwaona hivyo miaka yote ya utoto wangu. Sikuwahi kufikiri kwamba ninatazama kitu chochote.

Mama alilitii agizo langu bila ubishi, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka. Siku ya kwanza bodaboda alikuja mapema, mwanamume wa makamo mwenye koti zito na heshima nyingi. Mama alipanda, akakaa upande kama malkia aliyeshindwa vita, kikapu mapajani, na pikipiki ikateremka kuelekea bondeni. Nilibaki uani nikiwa na amani. Nilifungua kompyuta yangu chini ya ukingo wa paa nikaandika aya mbili nzuri sana kuhusu usalama wa wazee.

Jioni, nilipoinua macho, niliona jambo ng'ambo ya bonde ambalo akili yangu haikulikubali mara moja. Pikipiki ilikuwa ikishuka kutoka kwa Mama Mkubwa polepole mno, kwa mwendo wa kobe mgonjwa, mama akiwa nyuma ya dereva. Na nyuma ya pikipiki, katikati ya vumbi jekundu, alikuwa akitembea Mama Mkubwa mwenyewe, kikapu cha mama yangu kichwani, mkono mmoja kiunoni.

Alikuwa akiisindikiza pikipiki.

Yaliyosemwa huko niliyapata baadaye kwa dereva, ambaye alifika kwetu akiwa amelowa jasho kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisukuma.

"Dada, yule bibi ana spidi," alisema. "Nikampigia honi, nikamwambia, mama rudi, tumefika mbali. Ananijibu, endesha tu mwanangu, mimi namsindikiza Mwalimu. Nikiongeza mafuta, anaongeza hatua. Nikisimama, anasimama, wanaanza mazungumzo juu ya kichwa changu. Mashine ikaanza kuchemka. Pale darajani nikaona hapana, itaniungulia hii. Nikavuta mafuta."

"Ukamwacha?"

"Nilimwacha na kikapu."

Mama alishuka bila kunitazama, akapangusa vumbi kwenye kitenge.

"Nimekwenda kama gunia la mihogo," alisema, "na nimerudi kama gunia la mihogo."

"Lakini goti, mama."

"Goti limefika salama. Ni adabu yangu iliyobaki darajani."

Kikapu kilirudi baada ya ibada ya Jumapili, kimebebwa na mwanakwaya mmoja pamoja na ujumbe alioukariri kwa uaminifu wa kutisha: "Amesema, mwambieni Mwalimu kwamba mtu mwenye haraka hivyo asiwe anajisumbua kuja." Ndani ya kikapu mlikuwa na maharage ambayo mama alikuwa amepewa siku ile. Hakuna hata punje iliyopungua, kana kwamba ni mali ya mtu baki, na hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko ujumbe.

Tangu siku hiyo Mama Mkubwa hakuja. Mama naye hakwenda, kwa kuwa kwenda kwa pikipiki kulikuwa kosa, na kwenda kwa miguu kulikuwa kinyume cha agizo langu. Nilimwambia atumie simu. Alinitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa nilipoandika herufi b ikitazama upande usio wake.

Wiki zilipita. Mama alikaa. Nilimletea maji, kuni, gazeti, kila kitu alichohitaji na vingi asivyohitaji, na kwa jinsi nilivyomtumikia vizuri, ndivyo alivyozidi kuchakaa. Kwanza ukaja usingizi wa mchana kwenye kiti, kisha kukosa usingizi usiku. Akaanza kuacha chakula. Akaanza kugombana na mtangazaji wa redio, ambaye hakuwa amemkosea lolote. Asubuhi moja nilimwona akitoka chumbani huku kiganja chake kikipapasa ukuta, taratibu, kama mtu anayevuka mto asioujua. Mama yangu hakuwahi kushika ukuta. Nilimsimulia kaka habari ya ukuta; naye alimsikia mama kwenye simu, akasema sauti yake imekuwa ya mbali.

"Umeona mwenyewe," aliniambia. "Mimi naandaa chumba."

Nami, kwa usahihi wote niliofundishwa, nikaweka kila dalili mahali pake, nikahitimisha kwamba sauti ile ya asubuhi ya kwanza ilikuwa mwanzo wa yote. Kila nililoliona lilithibitisha nilichokiogopa. Mantiki yangu haikuwa na ufa hata mmoja, na nyumba isiyo na ufa ni giza.

Katikati ya hayo nilikuwa na safari za Kibondo, kukusanya maelezo ya wazee kwa ajili ya utafiti. Basi la asubuhi lilinipeleka na la jioni likanirudisha, na kati ya mabasi hayo nilikaa kwenye vibaraza vya watu nikiuliza maswali niliyoyapanga kwa uangalifu. Moja lilikuwa: je, unatembea kila siku kwa ajili ya afya? Mzee mmoja, ambaye nilimkuta akirudi kutoka shamba lililo nyuma ya kilima cha pili, jembe begani na pumzi yake imetulia kuliko yangu iliyokuwa imekaa kivulini, alinitaka nirudie.

"Kutembea kwa ajili ya afya," nilirudia. "Yaani kutembea tu, kwa faida ya mwili."

"Bila kwenda mahali?"

"Ndiyo, babu. Kama mazoezi."

Alifikiri kwa haki kabisa. "Mtu anayetembea bila kwenda mahali," alisema, "kwetu tunamshika mkono tunamrudisha kwao. Huyo amepotea."

Mkewe, aliyekuwa akipembua mtama, alicheka hadi akaweka ungo chini. "Andika hapana, mwanangu," aliniambia. "Andika hatembei. Anakwenda tu shamba, na kanisani, na kwa kila mtu mwenye pombe."

Niliandika maneno yao kama yalivyo. Kwenye basi la kurudi, tulipopita kwenye milima yenye migomba na moshi wa jioni, nilianza kuwafikiria wazee wote niliowaona Kibondo, wale waliokuwa wakisimama kutoka kwenye kigoda bila kushika kitu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya mazoezi. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumkuta huko. Kisha nikamfikiria mama, ambaye nilikuwa nimemwondolea vyote viwili kwa agizo moja. Wazo hilo lilinikalisha wima kwenye kiti. Lakini, kwa kuwa mimi ni mimi, sikuliamini hadi nilipopata uthibitisho.

Nilimpeleka mama kwenye kituo cha afya, Kasulu mjini. Daktari alikuwa kijana wa Tanga, aliyehamishiwa huku na ambaye bado alivaa sweta mchana. Alimpa mama shikamoo ya kwao, ndefu na yenye adabu, kisha akanisikiliza. Nilimweleza sauti, tarehe ya sauti, aina ya sauti, na mfululizo wa dalili. Aliniacha nimalize. Akamwomba mama akunje mikono kifuani na kuinuka kutoka kwenye kiti.

Mama aliinuka. Ilimgharimu, niliona, mapaja yake yakatetemeka kidogo. Lakini chumba kilikuwa kimya.

"Tena, mama."

Kimya.

"Goti linakuuma?"

"Haliniumi. Limekuwa zito tu, kama mtoto aliyeamshwa."

"Na huwa linalia?"

"Langu?" Mama alishangaa kweli. "Langu halijawahi kulia."

Daktari alinigeukia. "Sasa, dada, hiyo sauti uliisikia wapi?"

"Nyumbani. Kwenye sala. Tulikuwa tunainuka pamoja."

Mama aliniangalia kwa muda, na nikaona usoni mwake kitu kikipangwa polepole, kama anayesahihisha mtihani na kugundua kwamba swali lenyewe lilikosewa. "Daktari," alisema, "mwambie huyu achuchumae."

Nilichuchumaa. Niliinuka.

Ko!

Ilisikika hadi kwa wanaosubiri nje. Mtu mmoja alisema pole.

"Nilidhani unajua!" mama alisema. "Ni goti lako, mwanangu. Unakaa na hiyo kompyuta tangu kuku waamke mpaka walale. Siku ile nilisema Ee Mungu wangu kwa kukuhurumia. Nikasema, umri huu, na goti hili!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliniambia tu nipande pikipiki."

"Na kwa nini ulikubali kupanda?"

Hapo mama alishusha sauti, ingawa daktari alikuwa hapo hapo akijitahidi kutazama dirishani. "Nimewatangazia kanisani kwamba binti yangu anasomea mambo ya wazee. Mzee wako wa kwanza ni mimi. Mimi nikikukatalia, nani mwingine atakusikiliza?"

 Daktari ndiye aliyetuokoa, kwa kukohoa kwanza. Alisema goti linalolia bila maumivu wala uvimbe kwa kawaida halina neno, langu au la yeyote. Kilichomtia wasiwasi kilikuwa mapaja ya mama. Misuli hiyo ndiyo inayolishika goti, alieleza, na mtu akikaa hupungua upesi, hasa mzee. Goti hubaki bila mlinzi, na hapo ndipo watu huanguka. Mama atembee kila siku. Aanze kidogo, aongeze taratibu, avae viatu visivyoteleza, na miteremko aichukue bila haraka. Usingizi utarudi, hamu ya chakula itarudi, presha nayo itashukuru. Goti likiuma au likivimba, arudi. "Na wewe, dada," aliongeza, "dawa ni hiyo hiyo."

Yote hayo yalikuwa katika sura ya pili ya utafiti wangu. Nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, kwa lugha nzuri zaidi.

Kesho yake tulikwenda kwa Mama Mkubwa kwa miguu. Kabla ya mwezi ule, mama alikuwa akivuka bonde lile akiwa anaimba; siku ile tulisimama mara nyingi, na kila tuliposimama alipata sababu ya kuheshimika. Mara aliyakagua maharage ya jirani. Mara alitaka kunionyesha mahali ambapo ng'ombe wa fulani aliwahi kuzaa. Pale mikaratusini hakupata sababu, akaketi tu kwenye kisiki, akihema, akatazama mlima uliobaki.

"Ulikuwa mfupi," alisema.

"Turudi?"

"Nirudi nikamwambie nani kwamba nilifika mikaratusini?"

Mama Mkubwa alikuwa ametuona tangu darajani. Hakuna mtu anayepanda kilima kile asionekane. Tulipofika uani kwake alikuwa amekaa kwenye mkeka akipukuchua mahindi, mgongo umetugeukia, kwa mgongo wa mtu anayejua kila hatua iliyo nyuma yake.

"Amahoro," mama alisalimia kwa Kirundi, ambacho hukitumia akiwa na deni la adabu.

"Naisikia sauti," Mama Mkubwa aliyaambia mahindi. "Ni sauti ya mtu ninayemjua. Lakini siisikii pikipiki, kwa hiyo si yeye."

"Ni mimi, dada."

"Oya, siye. Huyo ninayemjua mimi amekuwa mkubwa. Anaondoka kama mkuu wa wilaya. Unabeba kikapu chake, unakula vumbi lake."

"Nimekuja kula la kwako."

Mama Mkubwa aligeuka. Alimtazama rafiki yake kuanzia viatu, akapanda, akafika usoni, na dhihaka yote ikamtoka. "Yoo! Umekonda! Wamekufanya nini?" Kisha alinitazama mimi, na kwa kuwa ni mwenye haki, alinipa nafasi ya kujieleza.

Nilijieleza. Nilieleza sauti, hofu, pikipiki, daktari, goti. Nilipofika kwenye goti alidai kulisikia mwenyewe. Nilichuchumaa pale uani, mbele ya kuku, nikainuka, likalia, na wale wazee wawili wakashikana mabega kwa kicheko kilichowatoa machozi. Kwa muda mrefu baadaye, kila mgeni alipopita, niliombwa nirudie.

Jioni alitusindikiza. Na hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo desturi haikuwa imeliona: tulikuwa watatu. Darajani Mama Mkubwa alisema hawezi kumwacha Mwalimu katika hali ile, atafika hadi mikorosho ya jirani yetu. Hapo mama akasema haiwezekani mwenzake arudi peke yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe amechoka, mimi nimrudishe. Nilimrudisha hadi daraja. Darajani Mama Mkubwa akasema, "Sasa wewe mtoto urudi na nani? Njia hii ina nyoka," akanisindikiza hadi mikorosho. Nilijaribu kumthibitishia kwamba kwa utaratibu huo hakuna hatua ya mwisho. Alinisikiliza kwa makini. "Ndiyo," alisema. "Hakuna."

Tulianza hivyo, kwa uchache. Siku za kwanza mama aliishia darajani, nami nikamalizia mlima kwa niaba yake, kama mjumbe. Kisha alifika mikaratusini. Kisha akaacha kukaa kwenye kisiki, na alipokipita bila kusimama aliinua kidevu. Usingizi ulirudi mahali pake. Alianza kula kiazi cha pili. Mtangazaji wa redio alisamehewa. Asubuhi moja nilimwona akitoka chumbani, mikono yote miwili ikiwa nyuma akifunga kitenge, na ukuta umekaa peke yake, haushikwi na mtu.

Mimi pia nilianza kulala. Nililigundua hilo kwa mshangao, kwa kuwa kwa muda mrefu nilikuwa nimeamini kwamba kutolala ni sehemu ya usomi. Mtu anayepanda kilima akiwa na kikapu cha mtu mwingine kichwani, huku akiulizwa ataolewa lini, hana nafasi ya kufikiri mambo hadi yaharibike. Pumzi inahitajika kwa kujibu.

Ndipo kaka akaandika: chumba kiko tayari, gari litafika Jumamosi, mfungashie mama vitu vyake.

Ujumbe huo niliusoma mara nyingi kuliko ulivyostahili. Neno la mwisho lilikuwa langu, yeye mwenyewe alisema, na maneno yangu ya awali ndiyo yaliyoliwasha lile gari. Nilianza kupanga namna ya kumweleza. Nilipanga hoja kwa mpangilio wa uzito, kisha kwa mpangilio wa wakati. Nilifikiria kumwandikia, nikaona maandishi hayana sauti. Nilifikiria kusubiri aje mwenyewe, nikakumbuka kwamba anatuma dereva. Jumatatu nilikuwa bado natafuta sentensi ya kwanza. Jumanne niliipata, nikaikataa. Mama hakuniuliza kitu. Ila Jumatano, alipokuwa akifunga kamba za viatu, alisema, "Wakinichukua, huyu ng'ambo atamsindikiza nani?" akatoka bila kusubiri jibu, kwa kuwa alikuwa amechelewa.

Jioni ile nilipiga simu nikiwa nimesimama.

"Daktari wetu!" kaka alipokea. Huniita hivyo ingawa sijafika huko. "Mmeshafungasha?"

"Kaka, shikamoo. Usitume gari."

 Hoja zangu zote, zile za uzito na zile za wakati, zilikuwa zimekwisha kutoka kwa sentensi moja, na sikuwa na nyingine.

"Si wewe uliyeniambia anashika ukuta?"

"Ni mimi. Alishika kwa sababu nilimkalisha. Sasa anatembea, haushiki. Ukimpeleka huko kwenye vigae na uzio atakaa tena, na safari hii hatainuka. Anaweza kukaa hapa. Hilo ndilo neno langu."

"Na watu watasema mimi kifungua mimba nimemtelekeza mama mlimani."

"Watasema nini wakimwona anapita kwao kila siku?"

Alivuta pumzi. Nilimsikia akitembea, mlango ukifunguliwa, na nikajua ameingia kwenye kile chumba. "Kitanda kizuri nimeweka," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa watoto.

"Atakuja kukilalia. Atakuja kama mgeni, akae, halafu arudi kwake. Njoo umchukue mwenyewe wakati wa likizo."

"Na wewe ukirudi chuoni?"

"Yuko Mama Mkubwa. Asipomwona siku moja, siku hiyo hiyo atakuja kumtafuta. Wewe na mimi hatuwezi kufanya hivyo."



"Haya," alisema mwishowe. "Haya. Nitamzuia dereva. Lakini nataka kumsikia mama mwenyewe. Mpe simu."

"Hayupo."

"Saa hizi? Ameenda wapi?"

Nilitazama ng'ambo. Jua lilikuwa upande wa pili wa kilima, na njia yote, kuanzia mikaratusini hadi darajani, ilikuwa tupu. "Sijui," nilimjibu kaka yangu. "Wanasindikizana, na wameshapita ninapoweza kuwaona."